Shangazi, swali la tisa nijaze nini?

Shangazi, salamu.

Huwa nasoma safu yako kwa simu usiku nikiwa macho, na siku hizi niko macho sana. Leo nimesema acha na mimi niandike, maana hii kitu siwezi kumwambia mtu wa hapa kambi ya polisi, Naguru, Kampala. Hapa ukikohoa kwa yuniporti ya kwanza, hivi vibanda vyetu vya bati, mpaka yuniporti ya mwisho wanajua una kifua.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, mume wangu ni afande, yuko dyuti Karamoja, anakuja baada ya miezi miwili mitatu hivi. Mdogo wangu ana miaka 24, ni bondia, nitamwita Bingwa kwa sababu Naguru yote inamwita hivo. Baba yetu naye alikuwa polisi na alipiga ngumi enzi zake, tumekua tukisikia hadithi za akina Ayub Kalule na John Mugabi, na Mzee akianza ile ya Mugabi na medali ya fedha ya Moscow 1980 basi jua chai yako itapoa.

Mwaka jana mwezi wa tatu, jioni, Mzee alimtuma Bingwa amchukulie dawa ya presha. Akapanda boda bila helmeti, na pale kona ya kushuka Ntinda taksi ikawakata mbele. Mwenye boda alivunjika mguu. Bingwa hakuwa na hata mchubuko wa maana, aliinuka akajipangusa suruali akasema yuko sawa, watu wakasema Mungu mkubwa, kumbe kichwani damu inavuja pole pole. Baada ya kama saa moja akaanza kutapika, akasema ana usingizi, akalala na hatukuweza kumwamsha. Skani ikaonyesha damu imeganda chini ya fuvu inabana ubongo. Alipasuliwa usiku ule ule, kiwanja cha Mzee kule Arua kikaja kuuzwa bei ya kutupa kulipa madeni. Siku 11 hakufungua macho.

Aliporudi alikuwa kama mtoto mchanga mwenye ndevu. Kijiko hajui ni cha nini. Chai anaita maji mekundu. Kwa sababu wazazi wanapanga chumba kimoja mtaa wa Kinawataka na Mama pia ni mgonjwa, nikamchukua mimi, nikatundika pazia katikati ya nyumba akawa analala upande wa pili. Nilibandika plasta kwa kila kitu nikaandika kwa kalamu, MLANGO, KIKOMBE, NDOO, mpaka binti yangu wa miaka minne akajifunzia kusoma humo. Mzee naye kila asubuhi anakuja kwa miguu, anachora kwa chaki hapo nje zile hatua za ulingoni, wa kushoto, wa kulia, anamhesabia moja-mbili, moja-mbili, na Bingwa akianguka Mzee anamhesabia mpaka nane kama refa halafu anamwambia haya, simama. Mwezi wa nne akatembea bila kushikwa. Shangazi, nililia mbele ya majirani.

Leo ukimwona huwezi kujua. Anakimbia, anapiga begi, mwili umerudi. Ila mi nayeishi naye najua. Kelele za watoto zinampandisha hasira, siku moja alirusha sufuria ya posho ukutani. Mchana lazima alale. Pua haisikii harufu, alikula maharage yamechacha akamaliza sahani.

Sasa hii ndio imenileta. Mwezi wa nane, usiku kama saa nane, nilisikia mabati yanagongwa ngo ngo ngo ngo, nikadhani ni mtu nje. Kumbe ni visigino vyake. Alikuwa amekakamaa anatetemeka mwili mzima, macho meupe, povu, amejikojolea. Nilimtia kijiko mdomoni asije akajing'ata ulimi. Alipozinduka akaniuliza kwa nini mdomo unatoka damu. Nilipomwambia alilia sana, akaniapisha kwa kaburi la bibi nisimwambie mtu. Mama akisikia kifafa atasema ni mapepo na ataanza kumzungusha kwa wachungaji, na wakwe watarajiwa wakisikia, ile kwanjula, sherehe ya kujitambulisha ukweni, ya mwezi wa kwanza imekufa. Mwezi wa kumi ikamrudia, fupi kidogo. Kijiko nakiweka chini ya mto wangu sasa.

Na promota amemletea pambano siku ya pili ya Krismasi. Advansi laki tano, na sikufichi Shangazi, nusu yake imelipa fizi ya shule ya mwanangu. Kuna fomu ya daktari. Bingwa akiandika herufi zinamchezea, kwa hiyo najaza mimi. Nimejaza jina, nimejaza uzito, nikafika swali la tisa: umewahi kupoteza fahamu au kuanguka kifafa. Akaniambia, andika hapana. Nikamwambia hapana vipi? Akasema, sista, ngumi haikunivunja, boda ndio ilinivunja. Na Čech, yule kipa wa Chelsea, si alipasuka fuvu akarudi golini?

Fomu iko chini ya godoro siku ya nne leo. Mzee kila asubuhi anauliza mmepeleka? Nikiandika ndiyo nimemuua akiwa hai, ngumi ndio kitu pekee kilichomrudisha. Nikiandika hapana naogopa hata kumalizia hii sentensi. Na ni mtu mzima, mi ni nani wa kumwamulia? Nisaidie.

Dada wa Bingwa, Naguru

* * *

Dada wa Bingwa, mwanangu, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikasimama pale kwenye plasta nikakaa kidogo. Kuna hospitali zina mtaalamu wa kufundisha wagonjwa vitu kama hivyo. Wewe umefanya kwa kalamu na roli la plasta huku una watoto wawili na mume yuko mbali.

Kabla ya fomu, kijiko. Kitoe chini ya mto. Mtu akiwa kwenye degedege usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si kitambaa, kinaweza kumvunja meno au kumziba pumzi, na ulimi haumezwi hata watu waseme nini. Ondoa vitu vigumu karibu yake, mwekee nguo laini chini ya kichwa, usimkandamize, na ukiweza mgeuze ubavu ili mate yatoke. Halafu angalia saa. Ikipita dakika tano, au ikiisha ikaanza nyingine kabla hajazinduka, hapo ni kumkimbiza hospitali na siri iende zake. Na hao watoto unaolala nao hapo, sigiri yenye moto isiwe upande wake wa pazia, na asipike peke yake.

Sasa tuongee. Nikikuelewa vizuri, una kalamu mkononi na swali lenye jibu moja la kweli, lakini ukiliandika unaona utampoteza mdogo wako, usipoliandika unaweza kumpoteza kwa namna nyingine, na katikati hapo kuna Mzee, kuna kwanjula, kuna laki mbili na nusu ambayo imeshageuka kuwa fizi. Naona hiyo ya fizi imekuuma kuliko ulivyoandika. Uliitumia ukiwa huna jinsi, na ni deni, linalipika hata kidogo kidogo. Isije ikawa ndiyo inayokufunga mdomo.

Bingwa anasema boda ndio ilimvunja. Ni kweli, na namwelewa, maana mtu anayependa kitu hawezi kukubali kwamba kitu hicho kitamdhuru. Ila ubongo ukipata pigo hauulizi limetoka kwa nani. Na hata tukiiacha ngumi kabisa kando, hebu fikiria wiki za kabla ya pambano, wewe umekulia nyumba ya bondia unazijua. Kukata uzito, kujinyima maji, kukimbia umevaa nailoni, usingizi wa mang'amung'amu. Kukosa usingizi peke yake ni katika vitu vinavyojulikana sana kuamsha kifafa, pombe nayo hivyo hivyo, kwa hiyo kama kuna rafiki anamletea waragi ya kupoza mawazo, huyo umwangalie. Watu waliovuja damu ndani ya fuvu wanaweza kupata degedege miezi, hata miaka baadaye, na ikishakuja kwa kuchelewa namna hii kawaida hairudi mara moja tu. Yake imeshakuja mara mbili.

Kuhusu Čech, mwambie Shangazi naye anaangalia mpira. Aliumia Oktoba 2006, Januari 2007 akarudi, na kile kikofia akakivaa mpaka anastaafu. Kweli kabisa. Lakini ligi hiyo hiyo ya Uingereza ilikuwa na Ryan Mason, aligongana vichwa na mchezaji wa timu pinzani Januari 2017, fuvu likapasuka, akahangaika mwaka mzima kutaka kurudi, Februari 2018 akiwa na miaka 26 madaktari wakamshauri na akaacha. Akaingia kwenye ukocha. Sikuletei huyu ili kumfuta yule. Naona tu Bingwa amechagua mmoja akamwacha mwingine, na hata huyo aliyemchagua, kazi yake ilikuwa kudaka mpira. Hakuna mtu aliyeingia uwanjani kwa nia ya kumpiga kichwani. Na asije akakwambia atavaa kofia ya mazoezi, ile inapunguza kuchanika, ubongo ndani unatikisika vile vile.

Unasema ni mtu mzima, wewe ni nani wa kumwamulia. Hapo nakuunga mkono zaidi ya unavyodhani, hata mimi siwezi kumwamulia nikiwa huku. Ila nina swali. Je, ameshaamua, au ameogopa? Maana ukisoma ulivyoandika, hakuna mahali amekaa na daktari akaambiwa hiki ni kifafa, kinatibika hivi, ukipigwa kinaweza kuwa hivi, halafu akasema nimesikia na bado nataka. Alichofanya ni kulia na kukuapisha. Mtu mzima anaamua akiwa na habari kamili. Na kuna jambo lingine gumu kidogo kulisema: jeraha la ubongo, hasa sehemu ya mbele, linaweza kugusa pale pale mtu anapojipimia. Hasira ya sufuria na kutokuona hatari vinaweza kuwa vinatoka sehemu moja. Hakudanganyi anaposema yuko sawa. Inawezekana ndivyo anavyojiona.

Na wewe je, ile sentensi kwamba ngumi ndio kitu pekee kilichomrudisha, una uhakika? Mimi nilichosoma ni chaki, ni baba anayetembea toka Kinawataka kila asubuhi, ni mtoto wa miaka minne anasoma NDOO. Ngumi ilikuwa lugha waliyoitumia, sawa. Lakini moja-mbili, moja-mbili ile hakukuwa na mtu anampiga.

Halafu kuna mstari mmoja uliupita haraka. Mzee ndiye aliyemtuma. Dawa ilikuwa ya Mzee. Hukusema kama wamewahi kuliongelea hilo, na mimi nahisi hawajawahi. Sijui, huenda nakosea, lakini baba anayeuliza kila asubuhi fomu imeenda, anaweza kuwa anauliza kitu kingine. Bingwa akipanda ulingoni, basi jioni ile ya mwezi wa tatu imefutika. Unaweza kuwa unamwogopa mtu ambaye ukimwambia ukweli atakaa chini ashukuru kuna aliyesema. Au atawaka, na nyumba itakuwa moto wiki mbili. Wewe unamjua baba yako.

Njia ziko, na hakuna isiyo na mwiba. Kuandika hapana unaijua, na hapo ujue jambo moja la ziada, daktari wa pambano anategemea hiyo karatasi, akikuta degedege ulingoni hatajua ni ya zamani au ubongo unavuja damu sasa hivi. Kuandika ndiyo kimya kimya na kuipeleka, ukweli utakuwa umesemwa lakini atausikia kwa promota, na hapo hasira yake naielewa. Kumwambia Mzee nyuma ya mgongo wake ni hivyo hivyo, na kiapo cha bibi kitakusumbua. Unaweza pia kumrudishia fomu na kalamu, ukamwambia mdogo wangu, nimekuandikia kila kitu mwaka mzima, hili mkono wangu hauwezi. Hiyo haivunji siri na haidanganyi, ila anaweza kumpa rafiki aijaze dakika mbili tu.

Ipo na ile ya kuiacha fomu hapo chini ya godoro na kumwomba kitu kidogo kuliko pambano. Mwende wawili kwa daktari wa mishipa ya fahamu, au hata kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya serikali, huko kifafa wanakitibu kila siku. Watu wakisikia Butabika, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, wanacheka, wanadhani ni kwa wanaookota makopo, kumbe kwenye foleni kuna watu wamekuja kuchukua dawa ya kifafa warudi kazini. Mwambie hajakubali kuacha ngumi kwa kwenda huko. Dawa akipewa ni ya kila siku, na akijisikia nafuu asiikate ghafla, hapo ndipo wengi wanaangukia. Hatari ya njia hii ni kwamba daktari atasema neno ambalo yeye hataki kulisikia, na njia ya kurudi nyumbani itakuwa ndefu. Lakini atakuwa amelisikia yeye mwenyewe, wewe ukiwa pembeni yake badala ya kuwa mbele yake na kalamu.

Na kiapo chenyewe, kwani hakifunguliwi na aliyekufunga? Muulize, kati ya Mzee, Mama na mchumba wako, ungependa nani ajue kwanza, na ungependa aseme nani, mimi au wewe? Umpe aanze na mmoja. Mama na mapepo mwacheni wa mwisho, na siku hiyo daktari awe ameshawaandikia jina la ugonjwa kwenye karatasi. Mchumba ni lake yeye. Binti anayeingia ndoani atayasikia hayo mabati siku moja, na atauliza nani alijua.

Siku akisikia huenda asipande tena ulingoni, usimwache peke yake. Huzuni baada ya jeraha la kichwa si ya kawaida, inaingia mpaka ndani ya mifupa. Akianza kukaa gizani, hali chakula, anasema maneno ya kutotaka kuishi, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Jimu si ulingo tu, kuna kushika padi, kuna watoto wa jioni wanaohitaji mtu wa kuwachorea hatua chini, na anajua chaki inavyofanya kazi kuliko kocha yeyote hapo Naguru. Anaweza kulikataa hilo kabisa mwaka mzima, akasema yeye si mlinzi wa watoto. Mwache alikatae.

Wewe sasa. Mume anajua? Hukusema. Mtu analala nyuma ya pazia la nyumba yake, anaanguka usiku, naye yuko Karamoja anadhani mnalala. Na hao ndugu walioko kwenye kundi la wotsapu wakituma picha za mikono inayoomba, waombe usiku mmoja mmoja. Jumamosi ya binamu, Jumatano ya shemeji. Wasijue sababu yote kama bado, waambie tu umechoka.

Ukipata nafasi andika kwenye karatasi zile mara mbili: tarehe, saa ngapi, ilianza mkono gani, ilichukua muda gani kwa kukisia, alilala muda gani baadaye. Daktari atakuuliza hayo kabla hajauliza jina lako. Na ukiniandikia tena, niambie Mzee alisema nini.

Shangazi